Siku ya Mwaka: Kutoka Makunduchi Hadi Mabela

Nyumbani kwetu Mabela kuna ubishi mdogo unaorudi kila mwezi wa Julai tangu sisi tuko wadogo. Bibi yetu mzaa mama ni mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Siku moja katikati ya mwezi huo huamka kabla ya alfajiri, akajaza ndoo za maji uani, akatuita mmoja mmoja na kutumwagia kichwani. Baada ya hapo mtungi wa gesi hufungwa, jiko likapoa, ndipo moto ukawashwa upya kwa kibiriti kipya. Chakula kikishaiva hatuli mpaka apatikane mgeni, hata akiwa ni fundi wa kiyoyozi aliyekuja nyumba ya jirani. Bibi husema nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina mwaka mzuri.

Mjomba wetu naye kila mara hutikisa kichwa. “Mama, siku umeikosea. Mwaka ni tarehe 29 Julai. Mwaka wa mwisho tuliokuwa kule, 1973, mimi nilikuwa na miaka 9, nakumbuka vizuri.” Bibi hamjibu. Humwagia maji na yeye.

Sisi ni ndugu wawili, dada na kaka, na sote tunasoma hapa chuoni. Tulipotakiwa kuandika insha ya historia kwa ajili ya jarida la klabu, tuliona tuanze na ubishi huu wa nyumbani: tarehe sahihi ni ipi? Hatukujua kwamba kutafuta tarehe moja kutatutoa Mabela kutupeleka Makunduchi, na kutoka huko hadi Uajemi ya kale.

Siku yenyewe

Wenyeji wa Makunduchi huiita Mwaka Kogwa. “Kogwa” ni neno la lahaja yao, Kikae, lenye asili moja na “kuoga” la Kiswahili sanifu. Kwa hiyo ni siku ambayo mwaka unaogwa: watu wanajiosha mwaka wa zamani na kuupokea mpya wakiwa safi. Sehemu nyingine za pwani huitwa Siku ya Mwaka, na katika maandishi ya zamani utakuta pia jina la Nairuzi.

Makunduchi sherehe huchukua siku nne, na siku ya kwanza ndiyo kubwa. Watu huenda kuoga. Baadaye wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani na kupigana kwa magomba, yaani vigogo laini vya mgomba. Wazee husema zamani zilikuwa fimbo na marungu. Mwenye kinyongo na mwenzake humtafuta hapo hapo wakamalizana, na vita vikiisha hakuna kudaiana tena: ugomvi wa mwaka jana umebaki uwanjani. Wakati huo wanawake, wamevaa nguo zao nzuri, huzunguka wakiimba, na nyimbo zao hazina haya wala hazichagui mtu wa kumtania.

Kisha hujengwa kibanda kidogo cha makuti. Mzee mmoja huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio kabla moto haujamfikia. Watu hutazama moshi unaelekea wapi, na husemwa kwamba kibanda hicho kinaungua kwa niaba ya nyumba zote za mji, ili mwaka unaokuja pasitokee mtu kuunguliwa na nyumba naye yumo ndani. Siku zinazofuata ni za kutembeleana, kula na kucheza ngoma.

Desturi hii haikuwa ya Makunduchi peke yake. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, aliieleza katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Aliandika kuwa watu huoga baharini, hasa wanawake, kisha hupika chungu kikubwa cha nafaka na kunde. Moto wote wa majumbani huzimwa kwa maji na kuwashwa upya kwa kupekecha vijiti. Akaongeza kwamba zamani damu iliyomwagika siku hiyo haikuwa ikifanyiwa uchunguzi, na magomvi ya zamani yalikuwa yakimalizwa siku hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili wa Mrima yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, naye hakuisahau Siku ya Mwaka. Huko Mombasa siku hii ilifungamana na kaburi la Shehe Mvita.

Tulipomsomea Bibi maneno ya Steere alicheka. “Huyo Mzungu alikuwa jikoni kwetu?” Ndipo tulipofahamu kwamba kibiriti kipya cha Mabela ndicho vijiti vile vya kupekecha.

Hesabu ya miongo

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi wa Bibi na Mjomba, kwa hiyo tunaomba msomaji atuvumilie kidogo kwa hesabu.

Waswahili wa zamani walikuwa na kalenda mbili. Moja ni ya mwezi, ya Kiislamu, inayotupa Ramadhani, Idi na Maulidi. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo hauwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini ang'oe nanga, kwa sababu miezi yake huzunguka misimu yote. Kwa kazi hizo palikuwa na kalenda ya pili, ya jua. Mwaka wake una siku 365, nazo hugawanywa kwa makumi, na kila kumi huitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360, zikabaki siku 5 za nyongeza kumalizia mwaka. Siku ya kwanza ya hesabu hiyo ndiyo Siku ya Mwaka.

Wakulima walihesabu kutoka hapo: mwongo fulani ni wa kusafisha shamba, mwongo fulani ni wa kupanda. Mabaharia nao walihesabu hivyo hivyo ili kujua kaskazi itaanza lini kuleta majahazi kutoka Arabuni na lini kusi itayarudisha. Kalenda moja ilimtumikia mtu wa jembe na mtu wa tanga.

Lakini kalenda hii ina tabia moja. Haina mwaka mrefu. Kalenda tunayotumia chuoni huongeza siku ya 29 Februari karibu kila baada ya miaka 4, na hesabu ya miongo haiongezi kitu. Matokeo yake ni kwamba Siku ya Mwaka, tukiipima kwa kalenda ya kawaida, hurudi nyuma siku moja kila inapopita Februari ndefu. Katika miaka 100 hurudi nyuma siku kama 24 au 25.

Hili lina ushahidi. Siku hizi Mwaka Kogwa huangukia katikati ya Julai. Steere, katika kitabu chake cha 1870, aliiweka mwishoni mwa Agosti. Tulikaa tukahesabu: kutoka 1870 hadi leo Februari zenye siku 29 ni 38, maana mwaka 1900 haukuwa mrefu. Ukianza na tarehe 16 Julai ukasogea mbele siku 38 unafika tarehe 23 Agosti. Steere na Bibi wanakubaliana, ingawa kati yao pamepita zaidi ya miaka 150 na hawakuwahi kuonana.

Imetoka wapi?

Neno Nairuzi ni la Kiajemi, Nowruz, yaani siku mpya. Wengi wetu tunaijua Nowruz ya Irani, ambayo huwa tarehe 20 au 21 Machi. Basi kwa nini ya kwetu iko Julai?

Jibu ni kwamba Waajemi walifanya marekebisho na sisi hatukufanya. Kalenda yao ya kale, ambayo miaka yake huhesabiwa tangu mfalme Yazdgerd wa Tatu aliposhika utawala mwaka 632, ilikuwa na miezi 12 ya siku 30 pamoja na siku 5 za ziada, bila mwaka mrefu. Nayo ilikuwa ikirudi nyuma. Mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wataalamu wa nyota waliifunga Nowruz kwenye mwanzo wa majira ya machipuko, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Lakini si wote walioifuata kalenda mpya. Waparsi wa India, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliendelea na hesabu ya zamani. Kundi lao moja, la Wakadmi, husherehekea mwaka mpya wao katikati ya Julai, jirani kabisa na Mwaka Kogwa.

Huu ndio ushahidi uliotuvutia kuliko wote. Hesabu mbili zinazorudi nyuma kwa mwendo mmoja, zikakutana katika wiki moja baada ya miaka karibu 1,400, ni vigumu sana kusema zimekutana kwa bahati. Hesabu ya miongo ni kalenda ya Yazdgerd iliyofika pwani yetu.

Lakini ililetwa na nani? Jibu la haraka ni kuwa ililetwa na Washirazi, wale wanaosimuliwa kwamba walihama Uajemi kwa majahazi na kujenga miji ya pwani. Sisi tunadhani jibu hilo linataka kuangaliwa tena. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar, alikuwa Mwarabu, na katika maandishi yake alipanga misimu ya kusafiri kwa kuhesabu siku kutoka Nairuzi. Sulayman al-Mahri, wa karne iliyofuata, alifanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba Nairuzi ilikuwa kalenda ya bahari nzima. Nahodha hakuhitaji kuwa Mwajemi ili aitumie, kama vile sisi hatuhitaji kuwa Warumi ili tuseme “Julai” na “Agosti”. Kalenda inaweza kushuka bandarini pamoja na tende na samaki wakavu bila mfalme yeyote kuhama.

Na kumbuka, msomaji, majahazi hayo mengi yalitoka pwani hii hii tunayoishi. Tulizoea kufikiri kwamba Bibi ameleta Mabela kitu cha kigeni. Huenda hesabu yenyewe ilikwisha kupita hapa zamani, ikaenda kusini na kaskazi, na Bibi ameirudisha tu.

Hata hivyo, hesabu ni jambo moja na yanayotendeka siku hiyo ni jambo jingine. Hapa tulikaribia kuteleza. Tulisoma kuwa katika Nowruz watu husafisha nyumba na huwasha moto, tukataka kuandika kwamba kuoga na kuchoma kibanda navyo vimetoka Uajemi. Kisha tukasoma habari za Waangami, mojawapo ya jamii za Wanaga kaskazini mashariki mwa India. Hao wanaishi milimani, mbali na bahari. Baada ya mavuno, mwezi wa Februari, wana sikukuu yao ya Sekrenyi ya kujitakasa kwa ajili ya mwaka mpya, na wanaume huenda kisimani asubuhi na mapema kuoga. Hakuna jahazi lililowafikishia desturi hiyo kutoka Makunduchi, wala la kutoka kwao kuja kwetu. Mwanadamu akimaliza mwaka hutaka kunawa. Kwa hiyo kufanana kwa desturi peke yake si ushahidi wa kuazima. Tarehe zinazotembea pamoja ndizo ushahidi. Kwa maoni yetu, basi, hesabu ilikuja kwa bahari, lakini magomba, kibanda cha makuti, nyimbo za wanawake na mgeni mlangoni ni mambo ya Makunduchi yenyewe mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

Je, ni sikukuu ya mavuno?

Mara nyingi husemwa kwamba Mwaka Kogwa ni sherehe ya mavuno. Ukiangalia leo utakubali: katikati ya Julai masika yamekwisha, mpunga na mtama umevunwa au unavunwa, kipupwe kimeingia na watu wana nafasi na chakula. Lakini siku inayorudi nyuma haiwezi kufungwa na mavuno milele. Ikiendelea hivi, baada ya karne tatu hivi itakuwa katika mvua za masika, shamba likiwa bado bichi.

Kwa hiyo tunaona ni sawa zaidi kusema kinyume chake: mavuno ndiyo yaliyokuwa yakihesabiwa kutoka Siku ya Mwaka. Mkulima aliyejua miongo alikuwa na kazi ya kuirekebisha kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Alichofundishwa na babu yake kuhusu mwongo wa kupanda hakikuwa sahihi kabisa kwa mjukuu wake. Ilimpasa aangalie mbingu pia. Tunafikiri ndiyo sababu kazi ya kuhesabu iliachiwa wazee maalumu.

Mimi siusalii, nauoga

Hatutaki kuficha kwamba siku hii ina wapinzani, na mmoja wao yumo nyumbani kwetu. Mjomba habishi tarehe tu. Husema pia kwamba Uislamu una Idi mbili, na ya tatu haipo. Hoja hiyo si yake peke yake. Imekuwa ikisemwa Unguja na kwingineko kwa muda mrefu, na wako waliokwishaacha kwa sababu hiyo. Watu wa Makunduchi ni Waislamu, na wazee wao hujibu kwamba hii ni mila, si ibada. Siku hizi pamezuka na lalamiko jingine: watalii na kamera ni wengi mno uwanjani, na vijana wanapigania picha kuliko kumaliza vinyongo.

Bibi alipoulizwa na Mjomba mbele yetu jibu lake lilikuwa fupi: “Mimi siusalii mwaka. Nauoga.” Hatuna elimu ya kutoa hukumu katika suala hili, na jarida hili si mahali pake. Tunachoweza kusema kama wanafunzi wa historia ni kwamba hesabu ya miongo ni elimu. Hata asiyetaka kuoga anaweza kujifunza kuhesabu.

Jumapili

Sasa turudi kwenye ubishi. Tulimuuliza Bibi jambo lililotusumbua: bila kitabu, bila simu, na baada ya miaka zaidi ya 50 Maskati, unajuaje siku? Tulidhani anahesabu siku 365 moja moja.

“Nani ana kazi hiyo?” akasema. “Mwaka una jina. Mwaka jana ulikuwa Jumanne. Huu ni Jumatano. Ujao ni Alhamisi.”

Tulichukua kalamu. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja. Kwa hiyo Siku ya Mwaka ikianguka Jumanne, inayofuata haina budi kuwa Jumatano, kisha Alhamisi, hivyo hivyo mpaka siku saba zizunguke. Ndiyo maana wazee waliupa mwaka jina la siku unayoanzia. Unachohitaji kukumbuka ni jina la mwaka uliopita. Siku inakuja mle mle Julai, na jina la wiki linakuambia ni ipi. Ukikosea unarekebisha palepale. Mwaka 2023 ilikuwa Jumatatu tarehe 17 Julai, 2024 Jumanne tarehe 16, na 2025 Jumatano tarehe 16. Februari ya 2024 ilikuwa ndefu, ndiyo maana tarehe ikarudi, lakini jina la siku halikukosa zamu yake.

Tulimfuata Mjomba sebuleni. Hatukumuuliza tarehe, tulimuuliza siku. Ule mwaka wa 1973, ilikuwa siku gani ya wiki? Hakufikiri sana. “Jumapili. Babu yenu hakuwa kazini, alinibeba mabegani nione kibanda kinaungua.”

Kutoka 1973 hadi 2024 ni miaka 51. Ni mizunguko saba ya miaka saba, na miaka miwili juu. Jumapili ukasogea siku mbili ni Jumanne, na 2024 Bibi aliita Jumanne. Na Februari ndefu kati ya hapo ni 13. Tarehe 29 Julai, toa siku 13: tarehe 16. Mjomba alikumbuka sawasawa. Kosa lake lilikuwa moja tu, kufikiri kwamba siku ile ilisimama pale alipoiacha.

Tulimwonyesha karatasi yetu. Aliitazama muda mrefu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakusema kwamba mwakani ataoga. Aliuliza tu kama 2028 itakuwa tarehe 15. Ndiyo, tulimwambia, Jumamosi.

Bibi sasa miguu inamsumbua, na mwaka huu ndoo tulizijaza sisi. Jamaa zetu wengi waliozaliwa hapa wanajua kwamba bibi zao “walikuwa na mambo ya mwaka”, basi. Wenzetu wa klabu ambao wazee wao walitoka Unguja, Pemba au Mombasa, tunawaomba waulize nyumbani swali lile lile, wala wasianze na tarehe, maana tarehe huzozanisha watu. Waulize mwaka huu una jina gani. Wakijibiwa Jumatano, hesabu yao na ya Bibi ni moja.